Beni Iliyokwama Garini

Mwatime hakuwa mwongo. Nalisema hili mapema kwa sababu wapo watu wa Dallas ambao mpaka leo ukitaja jina lake wanaanza kucheka. Alikuwa mtu wa kuahidi kwanza na kufikiri baadaye, na hilo ni jambo jingine kabisa.

Alizaliwa Mombasa, mtaa wa Kibokoni, akafika Houston miaka ya tisini na kupata kazi ya kuhudumia wazee majumbani mwao. Siku za kazi aliwaogesha na kuwalisha wazee wa Sugar Land, mji wa jirani. Mwisho wa wiki alisimamia harusi za Waswahili: ukumbi, biriani, hina na ugomvi wa wakwe, vyote vilipitia mikononi mwake. Mimi nilikuwa jirani yake pale mtaa wa Alief, tena jirani asiyejua kuendesha gari, na Houston mtu asiyeendesha ni kifurushi tu. Kila asubuhi Mwatime alinibeba, ndiyo maana zile nyimbo nazijua.

Gari lake, Toyota ya kijivu, alilinunua kwa mhandisi wa Kijapani aliyekuwa akirudi kwao. Ndani ya redio mlikuwa na CD iliyokwama. Kitufe kilibonyezwa, kisu cha siagi kikachomekwa, bismillahi zikasomwa, CD haikutoka. Stesheni nazo hazikushika. Basi kwa miaka tulisikiliza bendi moja tu, Wajapani wanaopiga ska, ule muziki wa Jamaika: gitaa linakatakata nyuma, na mbele matarumbeta, saksafoni na tromboni zinapiga kelele kama zote zinataka kusikilizwa kwanza.

Jina la bendi hatukulijua, wala la wimbo wowote, kwa hiyo Mwatime alizibatiza nyimbo mwenyewe. Wa kwanza, uliovamia bila hata salamu, aliuita "Mke Mwenza Kaingia". Ule ambao saksafoni inalia polepole ulikuwa "Kodi ya Mwisho wa Mwezi". Na ule ambao bwana mmoja mwenye sauti ya kukwaruza anaimba kama anagombana, huo ulikuwa "Wakwe Hawakushiba". Kwenye foleni tuliziimba kwa maneno yetu, na madereva wa pembeni walipandisha vioo.

Mwaka 2002 akaja Bi Swafiya kutoka Mombasa. Mjukuu wake Yumna alikuwa anaolewa na Haitham, kijana wa Dallas. Tulikwenda kumwamkia, tukaletewa chai na mahamri, na kabla kikombe hakijapoa mama yule akauliza, "Na beni?"

Tukatazamana. Kwetu beni ni ile bendi ya matarumbeta na ngoma inayomtangulia bwana harusi mtaani, mpaka nyumba za jirani zitoke barazani. Houston haikuwapo.

"Mimi niliolewa nyumbani kukiwa na msiba," akasema Bi Swafiya. "Halikupigwa hata debe. Binti yangu akaolewa hapa hapa kwenu, kortini, wakati watu wanakula chakula cha mchana. Nimebaki na Yumna. Bila beni, bwana harusi asikanyage."

Macho yalimlengalenga, na hayakuwa maigizo. Miguu yake ilikuwa imevimba kwa ile ndege, na sote tulijua kwamba Marekani hatarudi tena.

"Bibi, please," Yumna akasema. "Hapa hakuna beni. Nita-hire DJ."

"Beni ipo, Bi Swafiya," akasema Mwatime. "Niachie mimi."

Nikaliweka hamri chini. Tulipofika garini nikamuuliza, "Beni gani hiyo, Mwatime?"

"Nitaijua ikifika."

Akaenda shule ya sekondari ya jirani kuomba bendi yao ya gwaride. Mwalimu akamwambia kwa heshima kwamba siku hiyo vijana wake watapiga kwenye mechi ya mpira wa Kimarekani, na Texas mpira huo hauahirishwi hata kwa kifo. Akamtafuta Mmeksiko mmoja wa tarumbeta, naye alikuwa na harusi yake. Habari zikafika Dallas, na ami yake Haitham, Bwana Abdulhalim, akapiga simu kuuliza kwa sauti ya asali kama beni ya Houston inahitaji lifti. Mwatime alikata simu. Watu walimwamini kwa neno lake tu, hakuwa na kingine, na sasa neno lilikuwa linamponyoka mbele ya mama mgonjwa wa miguu.

Tulikuwa barabarani, "Mke Mwenza" akaingia kwa matarumbeta yote. Mwatime akakanyaga breki hata nikapiga kichwa.

"Shoga," akasema, "tumeikalia."

CD ilikuwa haitoki. Basi gari zima lingekwenda harusini.

Jumamosi alasiri, msafara wa Dallas ukaingia kwenye uwanja wa kuegesha magari wa ukumbi, Sugar Land. Bwana Abdulhalim akashuka wa kwanza, kanzu imenyooka, bakora mkononi. "Iko wapi?" Bi Swafiya alikuwa ameketi mlangoni kwenye kiti, ameegemeza mikono magotini.

Toyota ikatokea nyuma ya jengo, milango yote wazi, buti wazi, imefungwa kanga kutoka taa hadi taa, Mwatime ndani ya buibui nyuma ya usukani. Akafungua sauti mpaka mwisho.

Wanawake wakapiga vigelegele. Haitham akashikwa mikono kuongozwa nyuma ya gari, na hapo tukagundua kosa letu: bwana harusi hutembea kwa madaha, lakini ska haina madaha. Kijana ikabidi akimbie kidogo kidogo. Wazee wakamfuata wakirukaruka, kofia mkononi. Wahindi wa duka la jirani walitoka nje kutazama, na Bi Swafiya alipowaona majirani wametoka, akaanza kupiga makofi.

Katikati ya uwanja Bwana Abdulhalim akasimama, akatega sikio. Nilikuwa nimesahau kwamba aliwahi kuishi Yokohama akinunua magari makuukuu ya kupeleka Mombasa.

"Zima!" akapaza sauti. "Hawa nawajua! Hii ni bendi ya Tokyo! Mwanamke huyu ametuletea Wajapani!"

Mwatime akazima. Uso wake nilikuwa sijawahi kuuona vile. Aliutazama usukani tu. Watu wote wakamgeukia Bi Swafiya.

"Abdulhalim," akasema mama yule, "ile taishokoto, kinanda cha nyuzi cha taarabu, iliyopigwa harusini kwa mama yako, asili yake wapi?"

"Japani, Bi Swafiya."

"Na gari lililokuleta kutoka Dallas?"

Akalitazama gari lake. "Japani."

"Wametuletea vyote hivyo wakiwa kwao. Leo wamekuja wenyewe, wewe unawafukuza mlangoni? Ndivyo ulivyolelewa? Mwatime, washa! Nawe tembea, kijana anasubiri mke."

Bwana Abdulhalim akatembea. Walipofika "Wakwe Hawakushiba" alikuwa ameinua bakora juu akicheza kwa mabega, na anayekataa akamuulize mke wake Abdulhalim.

Baada ya harusi Bi Swafiya alikataa gari jingine lolote la kumpeleka uwanja wa ndege. Alikaa mbele, mimi nikaenda nyuma na masanduku. Njia nzima alizisikiliza zile nyimbo.

"Nilijua tangu tarumbeta la kwanza kwamba si ya kwetu," akasema hatimaye. "Beni zetu hazikuwahi kupatana hivi."

"Sasa mbona hukunisimamisha, mamangu?" Mwatime akauliza.

"Nimeingoja tangu siku niliyoolewa," akasema Bi Swafiya, akifuta macho kwa ncha ya mtandio. "Niisimamishe harusi yangu mwenyewe?"