Kitanda Kilichopika Maharage

Mimba yangu ya kwanza ilipofika mwezi wa nane, niliingia kwenye duka la samani mjini Gitega nikiwa nimebeba boga mgongoni, nimelifunga kwa kitenge kama mtoto. Sikuwa nimepata wazimu. Muuguzi wa kliniki alikuwa ametuambia, sisi wenye matumbo makubwa tuliojipanga kwenye benchi, kwamba mtoto mchanga alale kwenye kitanda chake mwenyewe lakini ubavuni mwa mama, ili akilia mama amvute, amnyonyeshe, amrudishe. Maneno hayo yaliniingia sana, kwa sababu mume wangu akilala hupiga mateke kama ng'ombe mwenye kupe. Mchana ni fundi cherehani mpole, hata nzi hamfukuzi.

Mama mkwe alinisindikiza. Boga lilikuwa lake, lilitoka kwao Mutaho juu ya baiskeli, na hakuwa tayari kuniachia peke yangu. Njia nzima alinung'unika kwa Kiswahili cha pale kwetu.

"Mi nilizaa saba. Wote walilala hapa," akajipiga kifua, "na hakuna hata moja ilianguka. Sasa we unatafutia mutoto chumba yake?"

Dukani kulikuwa na vitanda viwili vya watoto. Cha kwanza kilipakwa rangi ya waridi na kubandikwa picha za dubu, mnyama ambaye hakuna mtu Gitega aliyewahi kugombana naye. Kilikuwa na fito ndefu pande zote nne. Nikamwomba mwenye duka, mzee Mwislamu mwenye kofia safi, akisogeze kando ya kitanda kikubwa cha watu wazima. Nikavua viatu, nikapanda, nikalala ubavu, na mama mkwe akaweka boga upande wa pili wa fito.

"Unafanya nini, mama?" akauliza mwenye duka.

"Nanyonyesha."

Mzee akageukia ukuta, akaanza kupanga vitasa ambavyo tayari vilikuwa vimepangwa. Mimi nikajaribu. Kulichukua boga nikiwa nimelala hakukuwezekana. Ilibidi niinuke, nipige magoti, niiname juu ya zile fito, na hapo tumbo likagoma. Boga likaniponyoka, likapiga sakafu ya saruji na kupasuka vipande viwili. Mbegu zilifika mlangoni.

"Huyo hatapona," akasema mzee bila kugeuka.

Mama mkwe aliokota vipande vyote na mbegu moja moja. Kitanda cha pili hatukukijaribu, kwa kuwa hatukuwa na boga jingine.

Wiki iliyofuata nilipanda basi kwenda Muyinga, kwetu Butihinda. Baba yangu ni seremala. Ujana wake wote uliishia kwenye randa, katika kambi ya wakimbizi Tanzania, ambako mimi nilizaliwa na kukulia, na tuliporudi alipakia misumeno kwanza, halafu watoto. Nikamweleza ninachotaka: kitanda kidogo, fito pande tatu, upande wa nne wazi, kiegemee kitanda changu, godoro lake lilingane na langu, nimvute mtoto bila kuinua kichwa.

"Kwa hiyo unataka hori," akasema.

"Hori lina pande nne, baba."

"Basi hori lililovunjika."

Mume wangu alitupa vipimo kwa simu, kwa sentimita, kama anayepima suruali ya harusi. Baba alifanya kazi siku tatu. Alipomaliza nikaona hakuna msumari hata mmoja. Kila kiungo kilishikwa na kipande cha mti kilichochomekwa tunduni; ukigonga kidogo kwa nyundo, kitanda chote kinageuka rundo la vijiti.

"Baba, mbona hukupigilia misumari?"

"Ili kifunguke haraka."

"Kifunguke kiende wapi? Tumerudi. Tuko nyumbani."

"Najua tuko nyumbani," akasema, akisogeza maranda kwa mguu. "Lakini kikifunguka kinapungukiwa nini?"

Vyote alivyotuundia kambini vilikuwa hivyo: meza, viti, hata mlango, kwa sababu kila mara tuliambiwa tutahamishwa. Nilikuwa nimejiandaa kumcheka. Badala yake nikaenda kumtafutia kamba.

Akakifungua, akafunga mzigo kwa kamba, akautanguliza Gitega juu ya basi. Mimi nilibaki siku mbili kwa kuwa mama alitaka kunilisha, na hilo ndilo lililokuwa kosa langu. Niliporudi nilimkuta mama mkwe jikoni, chungu cha maharage kinatokota.

"Baba yako iko mutu ya heshima," akaniambia. "Ametuma kuni nzuri! Haina moshi hata kidogo."

Nikainama kutazama. Mguu mmoja wa kitanda ulikuwa umebaki nusu, na fito tatu zimekwisha kuwa majivu. Nikakaa chini, nikacheka mpaka nikajishika tumbo, naye akadhani ni uchungu, akatoka nje mbio kuita majirani. Ilibidi niwaeleze wanawake sita, mmoja baada ya mwingine, kwamba hakuna mtoto, kuna maharage.

Mama mkwe hakuomba radhi. Hana desturi hiyo. Ila kesho yake alichukua ule mguu ulioungua, akaupeleka kwa seremala wa jirani, akamsimamia mpaka akachonga mguu mwingine na fito tatu. Mti mpya ulikuwa mweupe, wa baba mwekundu. Mume wangu akashona kigodoro. Kukiunganisha kitanda kulituchukua nusu siku na matusi kadhaa.

Msichana wangu alizaliwa wiki tatu baadaye, na sauti ya dalali. Kitanda kilifaa. Namvuta kwa mkono mmoja, anashika titi, mimi macho nimefumba. Akishiba namsukuma kwake kama narudisha droo. Mume wangu, niliyemhamishia upande wa pili, akaendelea kupigana na ukuta.

Mchana mmoja nilitoka kuanika nepi. Kurudi nikamkuta mama mkwe amelala mahali pangu, mkono ameupitisha upande ulio wazi, kiganja juu ya tumbo la mtoto, wote wawili wanakoroma. Sauti za wageni mlangoni zikamwamsha. Hakuona haya. Akawakaribisha mpaka chumbani, akawaonyesha kitanda kabla ya mtoto.

"Hii tulitengeneza mi na babu yake ya Muyinga," akasema. "Yeye aliweka miguu tatu, mi nikaweka moja."

Nikaenda kuwaletea chai.