Mashine ya Kuviringisha Nyasi

Kaka yangu aliniita kutoka Nyarugusu nije nimchagulie mashine ya kufunga nyasi. Hebu fikiria, mwanamke asafiri siku mbili, ashuke lori hili apande lile, eti akatazame mashine! Lakini katika ukoo wetu mzima ni mimi peke yangu niliyewahi kuigusa. Mume wangu alikuwa akitunza maksai wa mgodini, wale waliovuta mikokoteni ya kuni, na sisi wanawake tulichukuliwa vibarua vya kushindilia nyasi kavu ndani ya sanduku la mbao, tunazikanyaga, tunazikaza kwa waya, zinatoka marobota. Kazi hiyo niliifanya misimu mitatu. Basi kwetu, huko upande wa Mhunze, nikaonekana bingwa.

Nilikwenda mbio, lakini si kwa ajili ya mashine. Nilikwenda kumwambia kaka kwamba ndoa imenishinda. Mume wangu alikuwa ameleta mwanamke mwingine ndani, akaniambia mimi nihamie jikoni nikalale na masufuria. Mdomo wangu huu haujui kunyamaza, nikamjibu. Alinipiga mateke ya mbavu, na tangu hapo kila nikiketi nilikuwa naegemea upande mmoja.

Kuondoka, hata hivyo, si kufunga mzigo tu. Nilikuwa nimetolewa mahari ya ng'ombe kumi, na kwa kuwa sikuwa nimezaa, wote kumi walipaswa kurudishwa ndipo niwe huru. Baba alikuwa ameshafariki, ng'ombe hao wakawa katika boma la kaka. Wakiwapo, nina pa kurudi. Wakipungua, nitakaa na yule mtu hadi anizike. Hilo nililijua njia nzima, na kila lori lilipozima injini nilishuka nikazunguka barabarani kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Nilipofika kaka hakunipa hata nafasi ya kuanza. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, papo hapo akaanza habari ya moto. Mwaka uliopita moto ulikuwa umeingia kwenye ngitili yetu, yale malisho tunayoyafunga masika ili nyasi zikauke zikiwa zimesimama, zije kuliwa kiangazi. Uliteketeza karibu zote kwa mchana mmoja, na ng'ombe wake watatu wakafa. Sasa alitaka nyasi zikatwe mapema, zifungwe, ziwekwe bandani. Alijaribu kuzifunga matita kwa mkono, banda likajaa kabla hajamaliza hata robo.

"Nyasi zikibanwa vizuri banda litatosha," alisema. "Wewe umeziona hizo mashine. Nisaidie, mdogo wangu."

Nilitaka kumwambia, kaka, niangalie mimi kwanza. Nikasema sawa.

Kesho yake tulipanda lori la pamba hadi Shinyanga, tukaenda kwa miguu mpaka Ngokolo kwa fundi mmoja wa vyuma. Alikuwa mzee mfupi mwenye majivuno, shati limejaa matundu ya cheche. Uani kwake kulikuwa na mashine mbili. Moja ni sanduku kama lile la mgodini. Nilibonyeza ubao wake kwa kidole, kidole kikazama. Mchwa walikuwa wameshalimaliza. Sanduku hilo hata kipofu asingelinunua.

Ya pili sijawahi kuona mfano wake mpaka leo. Fundi alikuwa amechukua winchi ya zamani ya mgodini, ile ya kuvutia ndoo za mawe kutoka shimoni, akailaza juu ya fremu, akaifungia mikanda ya ngozi. Unaingiza nyasi huku unazungusha mpini, nyasi zinajiviringisha kama mkeka, zinakaza, zinakaza, mpaka linatoka robota la duara. Alituonyesha. Nilizungusha mwenyewe, mbavu zikanipigia kelele, lakini nilizungusha. Meno yalikuwa mazima, mpini laini, na kazi tuliyoifanya sisi wanawake wanne, mtu mmoja na mwenzake wangeimaliza bila kutoka jasho jingi. Loo! Kama ningekuwa na moyo mtulivu siku ile ningemkumbatia yule mzee.

"Bei?" kaka akauliza.

"Ng'ombe wawili. Majike."

Kaka hakubisha hata kidogo. Akasema, "Nitawaleta keshokutwa. Ila kwanza dada yangu aseme." Akanigeukia.

Majike wawili! Kaka hakuwa na mali ya kuchezea. Alikuwa na maksai wawili wa plau, na maksai wa plau hauzwi. Alikuwa na ng'ombe mmoja wa maziwa na mtamba wake, na hao ndio uji wa watoto. Wengine wote bomani walikuwa wangu. Hesabu hiyo niliipiga kabla hajafunga mdomo. Hasira ilinipanda mpaka masikio yakaziba. Ananiita mimi, mwenye mbavu zilizovunjika, nije nimchagulie kitu cha kunifungia mlango!

"Mbovu," nikasema.

Fundi akashtuka. "Mbovu wapi?"

"Winchi hizi nazijua. Meno yake yakishachoka hurudi nyuma ghafla. Nilimwona mtu kule mgodini, mpini ulimvuta, mkono ukakatika hapa." Nikajigusa juu ya kiwiko. "Ana watoto wadogo. Sasa analishwa na mkewe."

Hakuna mtu wa namna hiyo. Nilimtunga papo hapo, hata watoto nikampa. Fundi alininyooshea kidole, akaniambia, "Wewe mama, mikono yangu hii imefanya kazi miaka thelathini, na wewe unaitukana mbele ya mteja." Nilitazama pembeni. Kaka aliutazama mpini, akautazama mkono wake wa kulia, akamwomba fundi radhi, tukaondoka.

Tulikaa kando ya barabara kungoja lori. Yaani, yeye alikaa, mimi nilikuwa naenda na kurudi, naenda na kurudi.

"Kaa basi," akasema. "Au bado mbavu zinauma?"

Nikasimama pale pale.

"Unadhani sioni unavyokaa? Tangu ulipoingia. Wifi yako naye ameona." Alikuwa anachora chini kwa kijiti, hanitazami. "Na habari za huko kwako zilishanifikia kitambo. Ndiyo maana nilitaka sana ile mashine. Mwaka jana nyasi kidogo zilizobaki niliwapa wale ng'ombe wako, wangu wakafa. Mwaka huu ukiingia moto tena sina la kufanya, nao wakifa wale, nitakutoaje kule?"

"Lakini si ungewatoa hao hao kwa fundi?"

Alinitazama kama nimemtukania mama. "Wale? Wale si wangu wala wa mashine. Nilikuwa natoa yule wa maziwa na mtamba wake. Wifi yako alishakubali, watoto wangekunywa uji mkavu."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nilifungua mdomo, huu ambao haujui kunyamaza, na lori likatokea. Kaka akaruka kulisimamisha. Tulipanda juu ya magunia, vumbi tupu, na nikajiambia nitamwambia nyumbani. Nyumbani wifi alinipokea kwa michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na maziwa. Aliposikia habari alicheka kwa furaha, akasema ahsante wifi, umemwokoa mume wangu mkono na umewaachia watoto maziwa yao. Nikanywa yale maziwa. Siku ya tatu nikarudi Nyarugusu, kungoja kiangazi kiishe, maana kabla ya hapo wazee hawakai kusikiliza shauri la mahari, na sikuwa nimesema kitu juu ya uongo wangu. Woga ule hata leo unanitia hasira.

Moto uliingia mwezi wa tisa. Dereva wa lori ndiye aliyeniletea habari, akiitoa kama habari ya kawaida, eti huko kwenu kumeungua tena. Kuanzia siku hiyo sikulala wala sikukaa. Nilipepeta mchele uliokwisha pepetwa. Nilifagia uwanja mara tatu kwa siku mpaka yule mwanamke mwingine akaniuliza kama nimerogwa.

Kabla ya mvua kaka alitokea, kwa miguu, anaswaga ng'ombe kumi. Niliwatambua nilipowaona. Sita walikuwa wa mahari yangu, waliobaki, mbavu nje. Wa saba alikuwa yule wa maziwa. Wa nane mtamba wake. Wawili wa mwisho walikuwa maksai wake wa plau, shingo bado zina alama ya nira. Mume wangu aliwapokea mbele ya wazee, akasema wamekonda, wazee wakamwambia anyamaze. Nilibeba mzigo wangu, nikamfuata kaka. Boma alilokuwa ameliacha nyumbani lilikuwa tupu.

Mvua zilipoanza tulilima kwa jembe la mkono, kaka, wifi na mimi, shamba lililokuwa likilimwa na maksai kwa siku chache. Viganja vya kaka vilichubuka. Siku moja alinyoosha mgongo, akajitazama mikono, akacheka.

"Afadhali," akasema. "Ningenunua lile dude la fundi, leo ningekuwa nalima kwa mkono mmoja. Uliniokoa siku ile, mdogo wangu."

Niliinama, nikaendelea kulima. Amekufa akiamini hivyo.