Siku Bibi Alipoitaja Mimba

Kwetu Maparoni, nilipokuwa bado mtoto wa kufukuza ndege kwenye mpunga, mimba changa haikutajwa. Mwanamke aliyekosa siku zake alisema ana homa, na wenye kuelewa wakaelewa. Hata mumewe hakuambiwa mpaka tumbo lionekane. Wazee walisema kilichomo wakati huo ni damu inayojaribu kuwa mtu, na ukiitaja kabla haijashika, inashtuka na kutoka. Nayaandika kama nilivyoyasikia kwa bibi yangu mzaa baba, Mwanaisha binti Salumu, ambaye ndiye aliyeitaja.

Mwaka ule mama yangu, Zainabu binti Omari, alipata homa ya namna hiyo. Mimi sikujua. Nilichoona ni kwamba mama, ambaye alikuwa haachi jembe mpaka jua liwe kali, sasa alikuwa akisinzia amekaa, kopo la kutemea mate likiwa pembeni. Alitapika kabla hajatia kitu mdomoni. Harufu ya samaki ilimfukuza jikoni. Harufu ya baba nayo ilimtoa kitandani, akawa analala kwenye mkeka karibu na mlango. Baba, Athumani bin Saidi, alikuwa mtu wa maneno machache na moyo wa kuumia upesi. Aliliona hilo akaliweka moyoni.

Kitu kimoja tu kilimtuliza mama: harufu ya magome ya mkoko. Alinituma kwa Kassimu bin Ngwele, mkata boriti aliyekaa ng'ambo ya kijito.

"Mwambie mama anaomba kipande cha gome, basi. Usiseme la zaidi."

Kassimu alikuwa mjane, mcheshi, asiyejali anachovaa. Alicheka. "Mama yako anataka kupaka rangi nyavu?" Akakata magome mabichi, na kwa kuwa yalikuwa yakichuruzika maji mekundu, akayafunga katika shuka lake kuukuu, lile lenye kiraka cha gunia la unga, ambalo kila mtu pale kijijini alilijua. Nikalibeba kichwani mchana kweupe.

Mama alilifungua, akaingiza uso wote ndani, akavuta pumzi kama mtu aliyezamishwa na kuibuka. Siku ile alikula. Magome yalipokauka alibaki na shuka, kwa sababu lilikuwa limelowa harufu ile kwa miaka mingi ya kazi. Alilala nalo chini ya shavu.

Nadhani mwanamke wa jirani ndiye aliyemwona mama amelilalia. Njiani kutoka shuleni, Rajabu Mtoro, mkubwa wangu kwa kimo, alinisimamisha.

"We Shabani, baba yako wa leo nani? Yule wa mpunga au yule wa mkoko?"

Wenzake wakaangua kicheko. Nilijifanya nafunga kaptura, nikawaacha wapite. Tangu siku hiyo niliona haya kutembea na mama. Akienda nami kisimani, nilikaa nyuma kama mtoto wa mtu mwingine.

Baba naye alitaniwa na wanaume wenzake barazani, baada ya swala ya alasiri. Mmoja alimwambia, "Athumani, siku hizi kwako kunanukia boriti. Unajenga?" Alirudi nyumbani hajavaa hata viatu. Aliingia ndani, akatoka na lile shuka limening'inia kwenye vidole viwili.

"La nani hili?"

"La Kassimu," mama akajibu. Hakudanganya.

"Limefikaje ndani mwangu?"

Mama akasogeza kopo lake la mate.

"Zainabu, nakuuliza."

"Naumwa, Baba Shabani."

"Ugonjwa gani unatibiwa kwa shuka la mwanamume?"

Nikaona mama anaonewa. Nikasema kwa sauti ya kishujaa, "Mimi ndiye niliyelileta, baba. Mama alinituma."

Nilidhani nimemwokoa. Baba alinitazama, kisha akamtazama mama, na uso wake ukabadilika kabisa. "Hata mwanangu umemfanya kuwadi," alisema. Sikulijua neno lile, lakini nililielewa.

Watu walikuwa wameshajaa uani. Kassimu aliitwa, akaja na shoka lake begani, hajui lolote. Alieleza habari ya magome, na watu wakacheka, na kila alivyozidi kueleza ndivyo ilivyozidi kuwa mbaya. Mama alikuwa amekaa chini, ameshika khanga tumboni, midomo imefungwa. Neno moja lingemaliza yote. Alikuwa analo. Nilipokuwa mtu mzima ndipo nilipoelewa alichokuwa akikifanya pale: alikuwa amechagua kuachwa mbele za watu kuliko kukitaja kile kilichokuwa ndani yake.

Baba alinyoosha mkono. "Nyote mnashuhudia. Zainabu binti Omari, mimi leo nakupa..."

"Funga kinywa, Athumani!" Bibi alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko, mikono ina unga. "Mkeo ana mimba, mjinga wewe! Hiyo ni mimba ndiyo inayotaka magome! Na wewe ulipokuwa tumboni mwangu, nilimchukia nani? Baba yako! Nilimtoa kitandani miezi mizima, hakunipa talaka!"

Hakuna aliyecheka. Mama alifunika uso kwa khanga na kulia kwa mara ya kwanza. Wanawake wakatazamana, mmoja akasema, "Astaghafirullah, Bi Mwanaisha, umeitaja." Baba aliketi palepale mchangani. Kassimu alilitazama shuka lake, akasema taratibu, "Mwachieni mama Shabani shuka. Mimi nitavaa jingine," akaenda zake.

Mwezi haukupita. Asubuhi moja nilirudishwa kutoka mlangoni, nikaambiwa nikae kwa jirani. Nikiwa kule niliwaona wanawake wakiingia na maji ya moto na kutoka na nguo za kufuliwa. Kisha bibi akatoka peke yake na kitu kidogo kilichofungwa kitambaa cheupe, akakichimbia nyuma ya nyumba. Aliponiona nikimtazama, hakunifukuza. Alisema, "Ulimi wangu, mume wangu. Ulimi wangu huu," kwa maana alizoea kuniita mumewe.

Alisema hivyo kwa mama. Alisema hivyo kwa baba na kwa kila aliyekuja kutoa pole. Wakamwamini. Mama alimjibu kwa heshima tangu hapo, lakini hakumsimulia tena jambo lake lolote. Baba hakuketi tena mkeka mmoja na Kassimu. Hakuwa na hasira naye. Hakuweza tu kumtazama usoni.

Miaka ikapita. Nilimaliza shule ya kati, nikachukuliwa kusomea udresa, kazi ya kumsaidia daktari hospitalini. Katika chumba chetu cha darasa palikuwa na picha ya ukutani ya mtoto tumboni tangu mwanzo. Nilimwona akiwa kama punje ya mpunga, na mwalimu akasema akiwa hivyo tayari moyo wake umeanza kupiga. Akasema pia kwamba mimba changa nyingi hutoka zenyewe, kwa kuwa mtoto hakujengeka sawa tangu kutungwa, na kwamba haisababishwi na neno wala jicho la mtu. Nilinakili kila kitu, na likizo ilipofika nilisafiri kwenda nyumbani kama mtu anayepeleka dawa.

Nilimkuta bibi akipepeta mchele. Nilimweleza yote, kwa utaratibu, kama nilivyofundishwa. Nilimalizia, "Kwa hiyo si ulimi wako, bibi."

Hakuacha kupepeta. "Najua."

"Unajua?"

"Mimi mwenyewe zilinitoka mbili kabla ya baba yako. Hakuna aliyezitaja, si kwa ulimi wala kwa ishara. Zikatoka." Akapuliza makapi. "Ila siku ile, mume wangu, baba yako alikuwa amempigia mkewe kelele mbele ya kijiji kizima. Angejiona yeye ndiye aliyeiua. Na mama yako angesema ni lile shuka. Wangeishije? Mimi ni mzee, nimewabebea."

"Lakini sasa wanaweza kujua."

"Na wewe ndiye utakayewaambia, kwa sababu umevaa viatu?" Akaniwekea ungo magotini. "Toa mawe. Na hayo maneno yako yaishie hapa."

Nikaahidi. Bibi alifariki miaka michache baadaye, na mama akamfuata. Baba aliishi sana. Kila ilipofika siku ya kumsomea bibi hitima, alipokaa na wageni baada ya kula, alisema maneno yaleyale: kwamba mama yake alikuwa mwanamke mwema, ila ulimi ulimtoa mjukuu duniani, na kwamba yeye alikwisha kumsamehe. Wageni walisema amina. Nilikuwa nimekaa pale, mganga wa serikali, upande wa kulia wa baba yangu, nikiinamisha macho mkekani. Nilitimiza ahadi. Baba alimsamehe mama yake mpaka alipokufa, na mimi kila mwaka niliitikia amina pamoja na wengine.