Popote Mtakaponipangia

Wenzangu darasani walikuwa wanagombezwa na wazazi kwa kutofanya mazoezi ya hesabu. Mimi mwaka jana nilikuwa nagombeza mtu mzima, rubani mwenye mistari minne begani, kwa kutofanya mazoezi ya usaili. Naandika haya ili ijulikane nimeteseka kiasi gani.

Rubani mwenyewe ni baba yangu mdogo. Nilikuwa naishi kwake Ipagala kwa sababu ya shule. Idara yake ya serikali ilikuwa na ndege mbili ndogo zilizopeleka chanjo, wakaguzi na wakubwa mahali ambapo gari linafika likiwa limechoka. Basi likaja hilo soko huria, kila kitu kinauzwa, na idara ikaambiwa ndege nazo zitauzwa, marubani watapewa barua ya kushukuriwa. Mmoja alishaanza kufuga kuku wa mayai. Baba mdogo hajui kuku. Anajua ndege tu, na isiporuka yeye anabaki mtu mwenye shati jeupe.

Rafiki yake aliyetangulia kwa Waarabu, kwenye kampuni kubwa ya ndege, akamwandikia kurasa nne. Kila kitu kilikuwamo: mshahara wa msingi, posho ya kila saa ya angani, nyumba, karo za watoto. Vituo ni viwili. Cha kwanza ni makao makuu: joto, lakini unakaa na familia, na nyumba zina bwawa la kuogelea. Cha pili ni cha ndege za mizigo huko Ulaya kwenye baridi: posho nono, chumba kimoja, mke haruhusiwi. Mwishoni akaorodhesha maswali kumi na mawili ya usaili, maana wanauliza yale yale. Baba mdogo akaomba, wakamjibu: tutakupigia simu Alhamisi fulani, saa nne asubuhi. Tulikuwa na wiki tatu.

Mimi ndiye nikawa mzungu wa kuuliza maswali. Mama mdogo aliniazima miwani yake, nikakaa kwenye kiti cha baba mdogo, miguu juu ya stuli. Yeye akasimama mlangoni.

"Kaa basi," nikamwambia.

"Hujanikaribisha."

"Baba mdogo, hii ni simu! Nani atakukaribisha kwenye simu?"

Akakaa, lakini pembeni kabisa ya kiti, kama mtu aliyekuja kuomba kuoa.

"Unatarajia mshahara wa namna gani?"

"Nitashukuru kwa chochote mtakachoona kinafaa."

"Ungependa kituo gani?"

"Popote mtakaponipangia."

Nikavua miwani. Jikoni nikasikia mama mdogo amedondosha mwiko.

"Popote? Wana vituo viwili! Kimoja kina bwawa!"

"Mama," akaniambia kwa upole ule unaokera, "mwajiri hapangiwi. Mimi nimefanya kazi Mbeya, Tabora, Mwanza na hapa. Barua inakuja Jumatatu, Ijumaa umefunga mizigo. Sijawahi kuuliza kwa nini, na sijawahi kuuliza mshahara. Ukiuliza unaonekana una tamaa."

"Basi hawa wanakuuliza wewe!"

"Wananipima adabu."

Wiki nzima tukawa hapo. Nikaandika majibu kwenye karatasi za manila, nikayabandika sebuleni juu ya kabati la vyombo. Wageni wakija kusali na mama mdogo wanasoma ukutani: NAOMBA KITUO CHA MAKAO MAKUU, NINA FAMILIA. Mmoja alidhani ni ombi la maombi, akaliombea kwelikweli. Nilimshukuru, maana mwanafunzi wangu alikuwa amefikia hatua ya maombi.

Swali la saba ndilo lililotaka kuniua. Eleza siku uliyomkatalia mkubwa wako kwa ajili ya usalama. Yeye jibu lake alishalikariri: "Sijawahi kumkatalia mkubwa. Mimi ni mtu wa nidhamu." Analisema kifua mbele, kama anapokea cheti.

Jumatatu ya wiki ya mwisho akanituma nikatoe vyeti vyake kwenye sanduku la bati, vikapigwe nakala. Mimi mtu akinituma kwenye sanduku napekua mpaka chini, ndivyo nilivyoumbwa. Chini kabisa, ndani ya gazeti lililokunjwa, nikakuta barua ya serikali. Barua ya onyo. Amekaidi maelekezo ya kiongozi na kumsababishia usumbufu.

Nikaenda nayo jikoni. Mama mdogo akaisoma, akacheka mpaka akakaa kwenye kinu.

"Kumbe ameitunza! Hii ni ya mbuzi."

Akanisimulia. Mkubwa mmoja alikwenda ziara huko magharibi, wenyeji wakampa zawadi kama desturi: mbuzi watatu, magunia mawili ya karanga. Mvua ilikuwa imenyesha, uwanja wa udongo, mfupi, umelowa. Mkubwa akataka kila kitu kipande ndege, na shemeji zake wawili juu. Baba mdogo akapiga hesabu ya uzito, akasema haiwezekani. Mkubwa akamuuliza kama anamjua yeye ni nani. Baba mdogo akasema anamjua vizuri, ndiyo maana anamwambia achague: ama mbuzi, ama yeye. Mkubwa akapanda Land Rover na mbuzi wake, siku mbili njiani, na barua ikamfuata baba mdogo hapa.

Nikarudi sebuleni nikiwa nimeishika barua kama kombe.

"Swali la saba hili hapa!"

Alibadilika uso. "Rudisha ulikoitoa."

"Lakini hiki ndicho wanachokitafuta!"

"Wanatafuta rubani, hawatafuti mkaidi. Miaka ishirini nina doa moja, unataka nikawaonyeshe doa? Rudisha, na mkono wako usiingie tena humo."

Sijawahi kusikia jambo la kuudhi kama hilo. Mtu ana dhahabu, kaifunga kwenye gazeti, kaificha chini ya vyeti vya kupiga kwata.

Alhamisi ikafika. Mimi nilijipa malaria, nikabaki nyumbani. Mama mdogo alizima redio, akafukuza kuku wa jirani. Baba mdogo akatoka chumbani amevaa sare nzima, kofia na viatu vinang'aa.

"Baba mdogo, hawakuoni."

"Mimi najiona."

Simu yetu ya nyumbani ilikuwa ya ofisi, ina kikufuli kidogo cha kutuzuia kupiga, lakini kupokea inapokea. Sauti yake ni kubwa. Ukikaa kochi la karibu unasikia mpaka anayepumua upande wa pili. Ilipolia alisimama wima, na hakukaa tena. Maswali ya mwanzo, ya injini na hali ya hewa, aliyajibu vizuri mno. Hapo ni kwake. Kisha yule mtu wa simu, kwa Kiingereza cha puani, akauliza la saba.

"Sir," baba mdogo akaanza, "I have never…"

Nikaiweka barua mezani, pembeni ya simu. Nilikuwa nimekalia barua hiyo tangu asubuhi. Alinitazama kwa jicho ambalo siku nyingine lingenipeleka kupiga magoti uani. Lakini mama mdogo akaja, akaweka kidole juu ya neno "amekaidi", hakukiondoa. Upande wa pili walikuwa wanasubiri.

Baba mdogo akaisogeza barua karibu. "Kweli, kuna siku moja," akasema kwa Kiingereza. Akasimulia yote: uwanja, mvua, uzito, mbuzi. Aliposema amepewa onyo sauti ilishuka kama ya mtoto anayekiri kuiba sukari. Halafu tukasikia kicheko, wanaume watatu hivi, na mmoja akauliza mbuzi walifika salama? Baba mdogo naye akacheka. Akavua kofia. Mabega yakashuka.

Na hapo ndipo niliposahau kumlinda, kwa sababu alipolegea adabu yake yote ikarudi nyumbani.

"Where would you like to be based, Captain?"

Nikaonyesha ukutani. Nikaonyesha kwa mikono yote miwili. Karatasi ilikuwa na herufi za ukubwa wa sahani.

"Anywhere you post me, sir," akasema, akitabasamu.

Nilijifunika mto usoni nikapiga kelele ndani yake. Mama mdogo alitoka, akaenda uani, akaanza kufua nguo zilizokuwa zimeshafuliwa.

Baada ya siku tisa faksi ikaja ofisini kwao. Amepata. Akaja nayo anatembea haraka, anapunga karatasi toka barabarani. Mama mdogo akaisoma mara mbili.

"Ndege za mizigo," akasema. "Baridi. Chumba kimoja."

"Lakini posho yake…"

"Na sisi?"

"Ndivyo walivyopanga, mama."

"Hawakupanga. Walikuuliza."

Mama mdogo akaingia chumbani, akarudi na barua ya onyo, akaiweka juu ya faksi.

"Mimi namtafuta huyu mwanaume aliyeandikiwa hii. Aliyemwambia mkubwa achague. Yuko wapi?"

Baba mdogo akavuta kiti mezani. Kisha akaniambia, bila kunitazama, "Lete kalamu."

Alianza na "Kwa heshima na taadhima, naomba kuwasilisha." Nikakata. Akaandika "Endapo haitawapa usumbufu." Nikakata. Tulichafua karatasi saba, mimi nakata yeye anapumua. Mwisho ikabaki mistari minne: nashukuru kwa kazi, nina familia, naomba makao makuu, bila hivyo sitaweza kuja. Mstari wa mwisho aliuandika mwenyewe, bila mimi kumwambia. Kalamu yangu nilikuwa nimeshaiweka tayari kukata, nikairudisha.

Wakajibu upesi: sawa, makao makuu. Hakuna aliyekasirika. Nafasi ilikuwapo siku zote, walikuwa wanangoja aseme.

Wakaenda wote wawili mwezi wa tatu. Mimi nipo kidato cha nne, siwezi kuhamishwa mtihani ukiwa mlangoni, kwa hiyo nimewekwa bweni. Nakula makande yenye wadudu, bwawa naliona kwenye picha waliyonitumia. Kazi ya mikono yangu.

Juzi nimepata barua ya baba mdogo. Anasema ndege ni kubwa mpaka anasikia aibu kuigusa, mama mdogo amejifunza kuogelea, na nikimaliza mtihani watanitumia tiketi mara akipata likizo. Halafu chini kabisa, karibu na sahihi: wakubwa wamemuuliza anataka likizo mwezi gani. Amewajibu mwezi wowote watakaoona unafaa.

Nimeomba ruhusa kwa matroni niende posta. Namwandikia neno moja, kwenye karatasi ya manila, kwa herufi za ukubwa wa sahani: DESEMBA.