Kiboko Aliyekuja Mwenyewe

Jumamosi nilikuwa Dunga, kwenye kibanda cha mama anayekaanga samaki kando ya ziwa, pale mume na mke walipoteremka kwenye tuktuk wakitoka hifadhi ya wanyama, wamechoka. Hawa ni wastaafu waliofunga duka lao mjini, wakanunua mashua ya tanga, na siku hizi wanazunguka ziwa wakishuka kila mahali penye wanyama.

"Mama, tangu asubuhi tunazunguka," mzee alilalamika. "Chui tumeona, nyani tumeona. Kiboko, ambaye ndiye tuliyemfuata, hakuna!"

Yule mama hakuacha kugeuza samaki. Alionyesha ziwani kwa mdomo, pale walipoifunga mashua yao asubuhi. Ubavuni mwa mashua palichomoza masikio mawili madogo na pua.

"Huyo amelala hapo tangu mlipoenda. Sisi tulidhani mnajuana."

Mzee alivua kofia kama mtu anayeingia kanisani. Mkewe alicheka mpaka akashika meza.

"Sasa tutapandaje?" mke aliuliza.

"Hampandi. Kaeni mkule."

Wakakaa, wakala samaki aina ya ngege kwa ugali, macho yote majini. Nami, ambaye kila mwaka huwabeba wanangu safari ya siku nzima kwenda kutafuta wanyama, nikajifanya nachambua miiba.

Saa tisa kiboko akajiondokea polepole.

"Haya, njia iko wazi," mama akasema.

Mzee akatazama mashua, akatazama sahani yake, kisha akavuta kiti karibu na meza.

"Mama, ongeza ugali."