Nimelala Salama

Kwetu katika kijiji cha Mpemba, upande wa Mbozi, mtu akikusalimu asubuhi anakuuliza umelalaje, nawe unajibu umelala salama, hata kama usiku kucha ulikuwa ukikohoa. Shida yako utaieleza baadaye, mkiisha kaa, na utamweleza mtu wa kwenu. Mgeni unampa salama yake aende nayo. Hivyo ndivyo tulivyolelewa, na hivyo ndivyo tulivyokwenda kupanda Kilimanjaro, mimi na kaka yangu.

Kaka ni mtoto wa baba mkubwa. Yeye ndiye aliyenitafutia kazi katika shamba la kahawa huko Mbozi, wakati wa Mwingereza, nilipomaliza shule ya misheni. Mwenye shamba alikuwa Mzungu. Alipokwenda Moshi kwa lori kutazama miche, alituchukua sisi wawili, na alipouona mlima akataka kuupanda. Alipewa kiongozi, mtu wa kule kule, mwenye wapagazi wake. Lakini Mzungu alisema vitu vyake vitabebwa na watu wake mwenyewe. Kiongozi hakubisha. Alitutazama miguu, akatutazama macho, akavuta ugoro wake.

"Watu wa kusini," alisema. "Haya, tutaona."

"Tutaona nini?" kaka aliniuliza tulipokuwa tumebaki wawili. "Huyu anataka tushindwe. Kichwani mwake, mizigo hii alikwisha wagawia ndugu zake."

Mimi si msemaji. Lakini tangu hapo nilianza kumwangalia yule mtu, na kila nilichokiona kilifanana na maneno ya kaka.

Kwanza, alitukataza kutembea upesi. Kaka alizoea kubeba gunia la kahawa huku akipiga mluzi, na siku ya pili aliwapita wote. Kiongozi alimwita kutoka nyuma, "Wewe, unakimbilia wapi? Mkeo yuko huko juu?" Wapagazi wakacheka. Kaka alisimama akingoja, uso umemvimba kwa hasira.

Pili, alitulazimisha kunywa. Maji, uji, mchuzi, kila tulipotua. Alisimama mbele yako mpaka bakuli liwe tupu. Kaka alijifunza kugeuka na kumwaga nyuma ya jiwe. Mimi nilikunywa vyote, kwa sababu nilishindwa kumkatalia mtu aliyesimama mbele yangu.

Tatu, na hili ndilo lililotutisha, alikuwa na maswali. Kila asubuhi alimwendea kila mtu. Umelalaje? Kichwa kinauma? Chakula kimekaa tumboni? Umekwenda haja ndogo, na ilikuwa rangi gani?

"Mtu mzima anamwuliza mwenzake rangi ya mkojo," kaka alisema. "Kwetu anayetaka kujua mambo hayo tunamjua ni nani, ni mchawi. Usimwambie kitu, mdogo wangu. Mwambie salama."

Basi tukamwambia salama. Kila asubuhi, nimelala salama, mzee. Naye alitutazama muda mrefu kuliko alivyowatazama wengine, kama mtu aliyepewa kitu kilichofungwa asichoruhusiwa kukifungua.

Tulifika kwenye kibanda cha mwisho, palipokuwa na mchanga na mawe tu, na maji yaliganda ndani ya sufuria. Asubuhi nilimwona kaka nje akisukuma mchanga kwa mguu kufunika matapishi yake. Kisha alirudi kufunga mzigo. Shambani kwetu hakuna aliyemshinda kaka kufunga gunia. Nilimwona akishika kamba, akaizungusha, ikafunguka. Akaizungusha tena. Mara ya tatu alibaki ameishika tu, akiitazama kama hajawahi kuona kamba.

Kiongozi alikuja. "Umelalaje?"

"Nimelala salama, mzee."

Yule mtu hakuondoka. Alinigeukia mimi. "Na huyu kaka yako, amelalaje?"

Kumjibia mkubwa wangu naye amesimama hapo, tena mbele ya mgeni tuliyemshuku, halikuwa jambo dogo. Nilitazama ile kamba.

"Hakulala," nilisema. "Ametapika. Fundo limemshinda."

Kaka alinitazama kama mtu aliyeuzwa.

Kiongozi alichora mstari mchangani kwa fimbo. "Tembea juu yake. Kisigino kiguse kidole." Kaka alipiga hatua moja, ya pili ikampeleka pembeni, akakaa chini.

"Kalewa," mpagazi mmoja alisema. "Na hapa hata maji ni mawe. Ndugu, pombe umeinunua wapi?"

Kiongozi hakucheka. Alimwambia Mzungu kwamba huyu anashuka sasa hivi. Mzungu akasema heri apumzike kibandani mpaka tutakaporudi kutoka kileleni.

"Mlima umemwingia kichwani, Bwana. Akilala hapa, tutamshusha amefunikwa," kiongozi alisema.

Akanitoa mimi na yule mpagazi wa utani tumpeleke chini. Mzigo wa kaka akampa mpwa wake, na wangu mpagazi mwingine. Nilimwona kaka akiona hivyo, na kusema kweli hata mimi niliyakumbuka maneno yake. Tulishuka nikiwa na mashaka mawili, kwamba kaka atanifia begani, na kwamba tumefukuzwa kwa ujanja.

Alikuwa mzito, akiniita kwa jina la marehemu baba yake. Mpagazi alimshika upande wa pili, hakutania tena. Tulipofika kwenye vichaka, kaka aliomba maji. Tulipoingia msituni aliuliza kofia yake iko wapi. Jioni, kwenye kibanda cha chini, aliletewa uji, akamwambia mpagazi aonje kwanza. Mpagazi akanywa nusu nzima, akampa iliyobaki. Hapo nilijua kaka amepona.

Tangu hapo hakusema nami mpaka tulipokuwa kwenye lori, tukirudi nyumbani.

"Mtu anakuponya kwa kukuteremsha tu, bila dawa," alisema. "Basi alijua alichokuwekea kule juu."

Nilimwambia, "Kaka, uji wake wa kule juu mimi nilikunywa wote, na wewe ulikuwa ukimwaga." Alifikiri jambo hilo mpaka giza likaingia.

Asubuhi, juu ya magunia, aliniuliza, "Umelalaje?"

"Salama, kaka."

"Salama kweli, au unangoja uniambie mbele ya watu?"

Nikamwambia shingo inaniuma kwa sababu ya ubao wa lori. Alinitazama sana. Kisha akasogea, akanipa gunia alilokuwa amelalia.