Soksi za Mama Siku ya Alhamisi Kuu

Kwa miaka sita niliongoza kina mama kanisani kwetu Misugusugu, na neno langu lilikuwa moja tu: kesheni. Nililisema mpaka wenzangu wakawa wananitania kwa hilo. Sikuwa mnafiki. Nyumbani kwangu bomba halikudondosha maji nisilisikie. Matapeli wa simu hawakunipata hata siku moja. Ofisini walisema nalala jicho moja liko wazi, nami nilicheka, lakini kusema kweli nilijiona.

Mama yangu aliishi Msimbu, upande wa Kisarawe, kwenye shamba la mihogo na mikorosho tulilomnunulia tulipomtoa kwetu kaskazini. Alikuwa na kisukari. Kila mwezi alikuja kwangu, akaenda kliniki, akarudi kwa mihogo yake. Vidonge vyake nilivihesabu kimoja kimoja. Miguu yake sikuitazama.

Mwaka huo kliniki iliangukia wiki ya Pasaka, akabaki kwa ajili ya ibada ya Alhamisi Kuu. Kanisani kwetu siku hiyo tunaoshana miguu, kama Bwana alivyowaosha wanafunzi wake. Mimi ndiye niliyeshika beseni upande wa kina mama. Wanakuja wamejisugua nyumbani kwa jiwe, wengine wamepaka na rangi ya kucha, unabaki kuosha miguu misafi kuliko mikono yako. Kabla ya kuosha nilipewa dakika chache za kusema. Nikasema habari za bustanini, za wale wanafunzi walioshindwa kukesha hata saa moja. Nilisema vizuri. Mama mmoja alilia.

Mama yangu alikuwa amekaa benchi la mwisho, karibu na mlango, amevaa raba na soksi nene za kijivu katika joto lile. Nilipofika kwake na beseni alirudisha miguu chini ya benchi.

"Mimi hapana, mwanangu. Osha wengine."

"Mama, vua soksi. Watu wanatuangalia."

"Nimesema hapana."

Nilihamia kwa aliyefuata huku uso unaniwaka. Tulipofika nyumbani nikamwambia hata Petro alikataa kwanza, lakini akaja akakubali, na kwamba kiburi cha uzee hakimpendezi Mungu. Naam, nilimwambia hivyo mama yangu mzazi, huku nakunja taulo. Kesho yake, ibada ya Ijumaa Kuu ilipokwisha, alibeba mfuko wake akarudi Msimbu, wala hakungoja Pasaka. Nikasema anasusa, atazoea.

Jumatatu simu iliita. Alikuwa jirani yake wa shambani, bibi mmoja wa Kizaramo, Mwislamu, ambaye sikuzote nilimsalimia juu juu nikiwa na haraka zangu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Mwanangu, hebu njoo umtazame mama'ko. Ule mguu unanuka sasa. Mie nauosha kwa maji ya chumvi tangu mwezi uliopita, lakini hapa pamenishinda."

Tangu mwezi uliopita. Nilikwenda siku hiyo hiyo. Mama alikuwa amelala mkekani, na mguu wa kulia umefungwa kwa kipande cha khanga ya yule bibi. Mwezi uliopita alikuwa ameshinda siku nzima shambani na kokoto ndani ya buti la mvua, asiisikie, kwa sababu sukari ilikuwa imeua nyayo. Kidonda kilianzia hapo. Nilipofungua ile khanga nilitoka nje kutapika, na yule bibi akaifunga tena.

Hospitali walimkata chini ya goti. Daktari, kijana mpole, aliuliza nani anamtunza, maana kidonda cha namna hiyo huonekana mapema kwa mtu anayetazama. Nikamwambia ni mimi. Aliandika kitu.

Siku ya tatu mama alipata nguvu ya kukaa. Nilimpa uji, na hasira ikanipanda, ile hasira ya mtu mwenye kosa anayetafuta wa kugawana naye.

"Mama, kwa nini ulinificha?"

Alimeza uji kwanza.

"Pale mbele za watu, nivue soksi na harufu ile? Nikuaibishe?"

"Lakini kabla ya hapo. Ungeniambia tu."

"Nilikuambia. Kwenye simu, mara mbili. Nikasema mguu una kidonda hakinipi raha. Ukasema upo kwenye maandalizi, utaniombea." Akanitazama bila ukali wowote, kama mtu anayetaka kujua tu. "Uliniombea?"

Nilishika kijiko nikakoroga uji uliokwisha kupoa. Sikuwa nimemwombea.